Sinema Nzuri Ni Ipi? Maoni ya Karani Mmoja

Watu wengi wenye heshima zao huniuliza kwa nini mimi, mtu mzima mwenye mke na watoto watatu na kazi ya serikali, napoteza saa zangu za Jumamosi usiku nikitazama picha za sinema. Wengine husema sinema ni mchezo wa vijana wasio na kazi. Wengine husema ni shule ya wezi. Mzee mmoja wa kanisa letu aliniambia waziwazi kwamba macho ya mtu ni madirisha ya nyumba yake, na mwenye busara hafungui madirisha usiku. Neno lake ni zuri, nami sikumbishia siku ile. Lakini leo nataka kumjibu kwa adabu, maana naamini ya kuwa ziko picha mbaya na ziko picha njema, kama vile vitabu vilivyo, na mtu asiyejua kuzipambanua yafaa aonyeshwe njia kuliko kukatazwa tu.

Mimi nilionjeshwa sinema katika shule ya sekondari ya misheni. Siku za mwisho wa muhula padre mmoja alikuwa akitundika shuka nyeupe ukutani mwa bwalo la chakula, akatuonyesha picha za Charlie Chaplin. Mojawapo ilikuwa City Lights, iliyotolewa mwaka wa 1931. Wakati ule sinema za kusema zilikuwa zimekwisha enea, lakini Chaplin aliitengeneza yake bila mazungumzo yoyote. Mna maskini mmoja asiye na makao anayempenda msichana kipofu muuza maua, naye msichana humdhania kuwa ni tajiri. Wavulana tulicheka hata benchi zikatikisika. Kisha ukafika mwisho wake: msichana amekwisha pona macho, anamwona mbele yake mtu mwenye nguo zilizoraruka, anamhurumia na kumpa sarafu, na kwa kumgusa mkono tu anatambua kwamba huyu ndiye mfadhili wake. Bwalo zima likanyamaza. Hata wakubwa wa kidato cha nne, waliojiona wamekwisha maliza mambo ya dunia, walikuwa wakitazama chini.

Tangu siku ile nimekuwa mpenzi wa sinema, na kwa miaka mingi nimejitungia kipimo changu. Siulizi kwanza kama picha ina vita au mapenzi, wala imegharimu fedha ngapi. Nauliza hivi: je, aliyeitengeneza amewaangalia watu wake vizuri? Anajua wanakula nini, wanalipwa kiasi gani, na usiku wanapolala huogopa kitu gani? Kwa kipimo hiki picha nyingi zenye sifa kubwa huanguka, na nyingine ndogo husimama.

BAISIKELI YA ANTONIO

Picha iliyosimama kuliko zote kwangu ni Ladri di biciclette, maana yake Wezi wa Baisikeli, iliyotengenezwa na Vittorio De Sica katika mji wa Roma mwaka wa 1948. Hadithi yake mtu aweza kuisimulia njiani kabla hamjafika sokoni. Vita vimekwisha, na kazi ni adimu. Antonio Ricci apata kazi ya kubandika matangazo kutani, lakini sharti awe na baisikeli, na baisikeli yake imewekwa rehani. Mkewe Maria hasemi neno jingi. Avua mashuka ya kitanda, aenda kuyaweka rehani yale, na baisikeli yarudi nyumbani. Siku ya kwanza ya kazi, Antonio akiwa juu ya ngazi, mwizi aichukua na kukimbia nayo. Siku ya Jumapili baba na mwanawe mdogo, Bruno, wazunguka mji mzima wakiitafuta.

Huyo aliyecheza Antonio, Lamberto Maggiorani, alikuwa mfanyakazi wa kiwandani, wala hakuwa mchezaji wa sinema. Labda ndiyo sababu anapoishika baisikeli ile huishika kama mtu aijuaye thamani yake.

Niliitazama picha hii pamoja na baba yangu, ambaye ni mkulima na hajui neno la Kiitalia. Nilimsomea maandishi ya chini kwa lugha yetu. Mwanzoni alikuwa akimlaumu Antonio kwa sauti. “Mtu gani huyu aachaye baisikeli bila mnyororo?” Antonio alipokwenda kwa mpiga ramli kumwuliza habari za baisikeli, baada ya kumcheka mkewe kwa jambo lilo hilo, mzee alipiga magoti yake kwa furaha. “Kumbe hata Ulaya huenda kwa mpiga ramli!”

Halafu wakaingia katika hoteli ya kula, baba na mwana, wakakaa karibu na meza ya familia ya kitajiri. Antonio anampa Bruno kalamu wapige hesabu ya mshahara ambao angeupata kila mwezi kama baisikeli isingaliibiwa. Baba yangu hakucheka tena. Mwisho wake Antonio, amechoka na kukata tamaa, anajaribu kuiba baisikeli ya mtu mwingine, akakamatwa mbele ya mtoto wake na kupigwa makofi. Mwenye mali, akimwona Bruno analia, anasamehe. Baba na mwana wanaondoka katikati ya umati wa watu, na mtoto anautia mkono wake katika mkono wa babaye. Imekwisha.

Baba alikaa kimya kitambo. Kisha akaniambia jambo nisilolijua kamwe, kwamba mwaka wa 1979 aliibiwa baisikeli sokoni, ikiwa na gunia la mahindi nyuma yake, naye alirudi nyumbani kwa miguu akipita njia ya mtoni ili majirani wasimwone. “Mama yako nilimwambia nimeiazimisha,” akasema. Miaka yote ile hakumweleza mtu. Mimi nauliza: ni hotuba gani ingaliweza kulitoa neno hilo kifuani mwa mzee? Picha ya watu wa Roma ililitoa kwa dakika themanini na tisa.

WAGENI WALIOTUPIGA PICHA

Sasa nije kwetu. Nchi yetu imepigwa picha za sinema tangu zamani. Mwaka wa 1953 ilitolewa Mogambo, ya John Ford, akiwamo Clark Gable, Ava Gardner na Grace Kelly. Mwaka wa 1985 ilitolewa Out of Africa, ya Sydney Pollack, iliyopata tuzo saba za Oscar, pamoja na ile ya picha bora. Out of Africa nimeitazama mara tatu, na sitaki kuwa mtu asiye na shukrani. Vilima vya Ngong vinaonekana vizuri mno, na ndege ile ndogo ikipita juu ya makundi ya wanyama humfanya mtu avute pumzi. Mfanyakazi Farah, aliyechezwa na Malick Bowens, ana utulivu wa mtu mwenye akili zake.

Lakini nikikiweka kipimo changu, mizani inainama. Shamba lile la kahawa lina watu wengi wanaopalilia, wanaochuma na wanaobeba. Wanakula nini? Wanalipwa kiasi gani? Mwisho wa picha yule bibi mwenye shamba anapiga magoti mbele ya gavana kuwaombea Wakikuyu wapate mahali pa kukaa. Tendo lake ni jema, na Meryl Streep alilicheza kwa moyo. Hata hivyo mimi nilitamani kamera iache nyumba kubwa kwa dakika tano tu, iende katika nyumba mojawapo ya hao wanaoombewa, tuwasikie wakishauriana usiku ule juu ya ardhi yao. Katika Mogambo hali ni mbaya zaidi, maana mle sisi ni watu wa kubeba mizigo na kupiga ngoma, basi.

Sisemi kwamba mgeni hawezi kutuona. The First Grader, ya mwaka wa 2010, iliongozwa na Mwingereza, Justin Chadwick. Yamhusu marehemu Kimani Maruge, aliyeingia darasa la kwanza mwaka wa 2004 akiwa na umri wa miaka 84. Mkenya mwenzetu Oliver Litondo alimcheza mzee yule, na alipoishika penseli vidole vyake vilikuwa vya mtu aliyezoea jembe. Kwa hiyo neno si rangi ya mtengenezaji. Neno ni mahali anapoiweka kamera yake, na subira yake.

VIJANA WETU WAMEANZA

Naona fahari kusema ya kwamba vijana wetu wenyewe sasa wanazo picha zinazostahili kutajwa. Nairobi Half Life, ya David “Tosh” Gitonga, ilitolewa mwaka wa 2012. Kijana Mwas anauza filamu kijijini na kuziigiza mbele ya wanunuzi wake, halafu anakwenda Nairobi kutafuta kazi ya uigizaji. Siku aliyofika ananyang’anywa vitu vyake, kisha anatiwa korokoroni na kulazimishwa kusafisha choo ambacho hakielezeki gazetini. Hatimaye anakuwa na maisha mawili, mchana jukwaani na usiku pamoja na wezi wa vipuri vya magari. Lugha yake ni kali, na watoto wasiitazame. Lakini mzazi mwenye kijana aliyekwenda mjini na asiyeandika barua naomba aitazame peke yake, halafu ampigie simu mwanawe asiku hiyo hiyo asilale bila kuisikia sauti yake.

Ya watoto ni Supa Modo, ya Likarion Wainaina, iliyotolewa mwaka wa 2018. Msichana wa miaka tisa, Jo, ana ugonjwa usiopona, naye anapenda mashujaa wa sinema wenye nguvu za ajabu. Kijiji kizima kinapatana kumfanya aamini kwamba naye ana nguvu hizo. Nilimtazama mama yake Jo hasa, maana yeye alikuwa mkunga wa watu wengine na hakujua namna ya kumwuguza wake. Binti yangu wa pili alilia, kisha akaniomba tuitazame tena kesho yake.

Kadhalika watoto wangu wanaipenda Black Panther, ya Ryan Coogler, ya mwaka huo huo wa 2018, na hasa kwa sababu mle mna Lupita Nyong’o. Mimi pia nilifurahi kumwona. Mavazi ni mazuri, na mtoto wa Kiafrika akimwona mfalme wa rangi yake anakaa wima zaidi kitini. Ila niliwauliza wanangu swali moja: katika nchi ile ya Wakanda, ni nani afagiaye mji? Walicheka wakasema, “Baba na maswali yake ya ofisini.”

Swali la mfagiaji limejibiwa vizuri na Mkorea, Bong Joon-ho, katika Parasite ya mwaka wa 2019, ambayo ilikuwa picha ya kwanza isiyo ya Kiingereza kupata tuzo ya Oscar ya picha bora. Mna jamaa wa watu wanne wakaao katika chumba kilicho nusu chini ya ardhi, wakikunja maboksi ya chakula ili wapate riziki. Kwa hila wanaingia wote kufanya kazi katika nyumba ya tajiri. Usiku mmoja mvua kubwa inanyesha, na chumba chao kinajaa maji ya choo. Asubuhi yake bibi tajiri anaishukuru mvua ile kwa kuwa imesafisha hewa. Mvua ni moja, na nyumba ni mbili. Mkulima wa bondeni hana haja ya kufafanuliwa jambo hilo.

KARANI WA TOKYO NA KARANI HUYU

Nimeiweka mwisho picha ambayo imenigusa mimi mwenyewe, nami naona haya kidogo kuieleza. Jina lake ni Ikiru, yaani Kuishi. Ilitengenezwa na Akira Kurosawa wa Japani mwaka wa 1952.

Mwenye kisa ni Watanabe, mkuu wa idara moja katika ofisi ya mji, aliyechezwa na Takashi Shimura. Kwa karibu miaka thelathini hakukosa kazini hata siku moja. Kazi yake ni kupiga mihuri. Mwanzoni mwa picha anaufungua mtoto wa meza, anatoa karatasi za mpango wa kuongeza ufanisi wa kazi aliouandika yeye mwenyewe zamani, anachana ukurasa mmoja, anafutia muhuri wake, kisha anautupa kapuni. Nilisimamisha picha hapo nikainuka kunywa maji.

Wanawake wa mtaa mmoja maskini wanakuja na ombi. Kuna dimbwi la maji machafu karibu na nyumba zao, watoto wanaugua, nao wanaomba lifukiwe, pawe kiwanja cha kuchezea. Wanaambiwa waende idara ya bustani. Bustani wanawapeleka kwa afya, afya kwa wengine, dirisha kwa dirisha, hata wanarudishwa pale pale walipoanzia. Ndipo Watanabe anatambua kwamba ana saratani ya tumbo na miezi michache tu ya kuishi. Kwanza anajaribu pombe na starehe za mji, hazimsaidii. Halafu analikumbuka lile ombi. Anavaa koti lake na kutoka nje katika mvua kulitazama lile dimbwi kwa macho yake. Miezi iliyobaki anaitumia kwenda kutoka meza hii hadi meza ile, akiinama, akingoja, akitukanwa, hata kiwanja kikapatikana. Anakufa usiku mmoja wa theluji katika kiwanja hicho, baada ya kukaa kwenye bembea akiimba wimbo wa zamani taratibu.

Mwaka wa 2022 kisa hiki kilitengenezwa upya kwa Kiingereza kwa jina la Living, kikahamishiwa London ya mwaka wa 1953. Mwongozaji wake ni Oliver Hermanus wa Afrika Kusini, mwandishi ni Kazuo Ishiguro, na mchezaji mkuu ni Bill Nighy. Ni picha safi, fupi kuliko ya kwanza, na mtu anayechoka upesi aweza kuanza nayo. Lakini mimi naipenda zaidi ile ya Kijapani kwa sababu ya matanga yake marefu. Katika matanga hayo makarani wenzake wanakunywa na kubishana kama kweli Watanabe ndiye aliyekileta kiwanja. Wanawake wa mtaa waingia, walia mbele ya picha ya marehemu, watoka bila kusema neno. Makarani wanaona aibu. Wakiisha kulewa wanaapa kwamba kuanzia kesho watafanya kazi kama yeye. Kesho yake ombi jingine laja mezani, na mkuu mpya anasema lipelekwe idara nyingine.

Niliitazama Jumamosi. Jumatatu asubuhi nilikwenda ofisini mapema, nikatafuta faili moja ambalo nilijua lipo mahali fulani. Lilikuwa la akina mama wa kijiji kimoja walioomba kivuko cha miti juu ya kijito, kwa sababu watoto wao wadogo hawawezi kuvuka kwenda shule wakati wa masika. Mmoja wao alikuwa amefika dirishani pangu mara nne. Nilimwita “mama” kwa heshima kila mara, na kila mara nilimwambia arudi. Nililikuta faili chini ya mengine. Lilikuwa limepita ofisi tatu na kurudi. Nikafunua ukurasa wa nyuma, nikaona muhuri, na chini yake sahihi yangu mwenyewe: “Ipelekwe kwa ofisi inayohusika.” Ofisi inayohusika ilikuwa yetu.

Sikupanda ngazi kama shujaa. Nililichukua faili mkononi badala ya kulitia katika kikapu cha tarishi, nikaenda nalo meza kwa meza siku ile na siku nyingine kadhaa. Mkubwa mmoja aliniuliza kama nina jamaa kule kijijini. Mwingine aliniambia ninapita mpaka wa kazi yangu, na kwa maandishi alikuwa na haki. Kivuko kilijengwa baada ya miezi mitano, magogo mawili, mbao na vishikizo vya mikono, kwa nguvu za wengi kuliko zangu. Yule mama alikuja tena dirishani. Nilidhani atanishukuru. Alitaka kujua habari za cheti cha kuzaliwa cha mjukuu wake.

Msinisifu, maana hadithi haikuishia hapo. Mafaili yamejaa tena mezani pangu, na ziko siku ninapoushika muhuri jinsi nilivyoushika zamani. Kurosawa alilijua jambo hilo, ndiyo maana alituonyesha makarani wa siku ya pili. Picha haiwezi kumgeuza mtu milele. Yaweza kumwamsha mara moja, na akilala tena yaweza kumwamsha mara ya pili. Mimi huitazama kila mwaka.

Basi, ndugu msomaji, ukitaka kuchagua sinema, usiongozwe na ukubwa wa tangazo lake. Chagua ile iliyowaangalia watu vizuri. Itazame pamoja na mtu wa nyumbani mwako, na ikiisha usiinuke upesi. Kaa kidogo, umwache mwenzako aseme.

Na yule mzee wa kanisa nimemwalika nyumbani kwangu Jumamosi ijayo. Nimemweleza kwamba ni habari za baba mmoja, mtoto wake na baisikeli, wala hamna bunduki hata moja. Alinitazama sana, kisha akaniuliza kama mwizi alikamatwa. Nilimjibu aje aone mwenyewe. Chai itakuwapo.